Maji ya Kumwaga

Nyumbani kwa Kasyoka maji hayakumwagwa. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yakapiga deki, ya deki yakaenda kwenye sukuma wiki nyuma ya jiko. Hata maji aliyonawia mgeni yalikuwa na mahali pa kwenda. Alizaliwa karibu na Kwa Vonza, kwa mama aliyeongozana na punda hadi kwenye mto mkavu kuchimbua mchanga. Baadaye alipata diploma ya kilimo na pikipiki ya serikali, lakini mkono wake haukujifunza kuinamisha karai na kuacha maji yaende bure. Na mwaka huo wa tisini na tisa mvua ilipita Kambu bila kusimama, kama basi lililojaa.

Ndiyo maana wanawake wa kanisa, walipokuja kumwombea mumewe, walikaa sebuleni huku macho yakiwatoka. Pale ukutani, palipostahili kuwa na kabati la vyombo, palikuwa na tangi la kioo lililojaa maji ambayo hata mbuzi asingeyanywa.

Tangi lilikuwa la Musembi, mumewe. Kwa miaka mingi Musembi alitunza matangi ya samaki katika hoteli moja ya pwani, yale makubwa ambayo wageni huyatazama wakila chakula cha jioni. Kiharusi kilimpata akiwa juu ya ngazi, ndoo mkononi. Alipoteza nguvu za mkono wa kulia, nusu ya nguvu za mguu na karibu maneno yote. Hoteli ilimuaga kwa kumpa tangi moja dogo. Jabiri, dereva wa lori aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, aliwapandisha wote wawili, mgonjwa na tangi lake, akawashusha Kambu mbele ya lango la Kasyoka.

Mwezi wa kwanza Musembi alilala akiutazama ukuta. Alikula kama anayemfanyia mtu hisani. Daktari alisema lazima atembee, lazima aufanyishe mkono kazi, na Kasyoka, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimwambia wazi kwamba akitaka kufa afe, lakini asife kwa uvivu. Kisha asubuhi moja Musembi akanyoosha kidole cha kushoto kuelekea sebuleni, akasema, "Kiti." Tangu siku hiyo aliamka kila asubuhi, akajikokota kwa fimbo hadi mbele ya tangi. Kutoka kitandani hadi kwenye kile kiti ndiyo ilikuwa safari yake, na Kasyoka alijua kwamba siku safari hiyo ikikatika, hakutakuwa na nyingine.

Samaki walikuwa wamekufa njiani. Kilichobaki ni mawe mawili. Jiwe la kwanza lilibeba tumbawe gumu la rangi ya kahawia, pana kama sahani, lenye matawi mafupi. Musembi alilikuta limevunjwa na nanga ya boti likiwa dogo kama kidole gumba, akalilea mwenyewe. Jiwe la pili lilibeba matumbawe laini. Hayo yalikuwa kama mikono midogo ya mtoto mchanga, meupe, laini, na yalifumba na kufumbua mchana kutwa bila kuchoka. Musembi aliyaita vidole. Aliyatazama sana, kisha akautazama mkono wake uliolala mapajani. Kasyoka aliliona hilo.

Kazi yote ya tangi ilimwangukia yeye. Kila asubuhi aliongeza kikombe cha maji ya mvua kufidia yaliyokauka. Joto lilipozidi alifunika vioo kwa magunia yaliyoloweshwa. Umeme ulipokatika aliunganisha mashine ya hewa kwenye betri ya gari. Jabiri alipopita kutoka Mombasa alishusha mitungi ya maji ya bahari, na Kasyoka akaitia chini ya kitanda.

"Shemeji, hayo si ya kuweka akiba kama mahindi," Jabiri alimwambia. "Ni ya kubadilisha."

"Nitabadilisha yakiharibika."

"Yakiharibika umeshachelewa."

"Jabiri, wewe umezaliwa umezungukwa na maji. Niache."

Mwezi wa saba Jabiri alikuja bila mitungi. Aliketi, akanywa chai, akamsalimia Musembi kwa kumshika ule mkono uliolala, maana hakupenda kujifanya hauoni. Kisha akasema lililomleta.

"Tajiri ameniondoa njia hii. Nikirudi kutoka Malaba, nateremsha lori Mombasa, halafu nahamishiwa kwingine. Nitapita hapa mara moja tu." Alimgeukia Musembi. "Sasa sikiliza. Mwaka jana bahari ilichemka, unakumbuka. Ile miamba uliyookotea tumbawe lako ni nyeupe tupu. Nimekwenda na ngalawa ya shemeji yangu nikaona, ni kama makaburi yaliyopakwa chokaa. Kuna vijana pale kwenye kituo cha bahari wanatafuta vipande vilivyo hai wavipande upya. Nimewaambia, namjua mtu ana kimoja kiko Ukambani. Wamenicheka. Wakasema, kama kweli kiko hai, kilete."

Musembi alitazama tangi kwa muda mrefu. Mdomo ulihangaika kabla ya kutoa neno.

"Peleka," alisema.

"Kikiwa hai," Jabiri alisema. "Kikifa nikiache, Bwana Musembi. Mawe meupe kule tunayo."

Alipoondoka, Kasyoka aliinama mbele ya kioo kwa mara ya kwanza akitazama kwa jicho la kazi. Hapo ndipo alipoona. Vidole vilikuwa vimeshuka kutoka kwenye jiwe lao, vimetambaa juu ya changarawe, vimepanda jiwe la kwanza. Vilikuwa vimeuzunguka ukingo wa lile tumbawe gumu kama nyasi zinavyozunguka mche. Palipoguswa, kahawia ilikuwa imeanza kufifia.

Alikasirika kama anavyokasirika akiona shamba lililoachiwa magugu. Alijua magugu. Alikuwa amewafundisha wakulima wilaya nzima kwamba nyasi ya kutambaa haikatwi, hung'olewa na kila kifundo chake. Akakunja mikono, akaingiza kiwiko kizima majini, akaanza kung'oa. Vilikuwa laini, vinateleza, vikakatikia mkononi. Musembi alitoa sauti kooni na kugonga fimbo sakafuni, mara ya kwanza na ya pili.

"Nini? Si unataka lipone?"

"Vi... vipande," alisema Musembi.

Vipande vilikuwa vinaelea kila upande. Alivinasa alivyoweza kwa chujio la chai. Baada ya siku chache, kila mahali kipande kimoja kilipotua, palikuwa na kidole kipya kikifumba na kufumbua, kwenye changarawe, kwenye bomba la hewa, hadi kwenye kioo. Magugu ya shambani angalau yalihitaji mvua.

Akafikiri upya, kwa akili ya kazi. Kama huwezi kupalilia ndani, toa mche nje. Akajaza karai maji ya tangi, akaliweka ndani jiwe la tumbawe gumu, akakwangua ukingo wake kwa kisu cha jikoni na mswaki, polepole, hadi mwamba ukawa safi. Ilikuwa kazi nzuri. Hata Musembi aliitikia kwa kichwa. Lile jiwe jingine, la vidole vyenyewe, hakuligusa. Alijiambia kwamba lina nafasi yake na halisumbui mtu. Ukweli ni kwamba hakutaka kumwondolea mumewe kitu pekee ndani ya nyumba hiyo kilichomfanya atabasamu.

Lilipobaki karai, lenye maji mazito yenye utelezi na vipande vyeupe, Musembi alisema neno lililo wazi kabisa.

"Mwaga."

Kasyoka alimtazama. "Nimwage maji yaliyotoka Mombasa?"

"Mwaga."

"Baba Nzilani," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "haya maji yamesafiri kuliko mimi. Nitayachuja."

Alitandika leso safi juu ya ndoo, akamimina. Vipande vyeupe vilibaki juu ya leso, maji yakashuka meupe meupe lakini bila uchafu wa kuonekana. Akayarudisha yote ndani ya tangi, hadi tone la mwisho. Musembi aligeuza uso. Kasyoka alidhani amechoka.

Kufikia Jumapili maji yalikuwa na ukungu. Tumbawe gumu, ambalo mchana lilizoea kutoa vinywele vidogo kama manyoya ya kifaranga, lilikuwa limejifunga kabisa, na juu yake pametanda ute. Jumatatu upande mmoja ulikuwa mweupe. Vidole juu ya jiwe lao vilikuwa salama, vimenenepa, vikifumba na kufumbua.

Jumanne Musembi hakuomba kiti.

Kasyoka alimletea uji. Alikuwa anatazama ukuta.

"Amka ukalione. Bado upande mmoja una rangi."

Musembi hakugeuka.

"Basi niambie cha kufanya, nami nitafanya."

"Nilisema," Musembi alijibu ukutani.

Alisimama na bakuli mkononi, akiwa na hasira, na asijue amkasirikie nani. Mumewe alikuwa amelala kama alivyolala mwezi ule wa kwanza, goti limekunjwa, mkono uliokufa umebanwa chini ya ubavu. Jabiri angepita Jumamosi au Jumapili. Angekuta jiwe jeupe, angesema pole, angeondoka, na Musembi asingegeuka tena kutoka kwenye ukuta huo. Alilijua hilo kama anavyojua udongo kwa kuushika.

Alhamisi alikuwa na safari ya kikazi Tawa. Alimwomba jirani yake Syokau akae na mgonjwa, akapanda Land Rover ya ofisi kabla jua halijawa kali. Mkulima waliyemtembelea aliitwa Ndululu, mzee mchapakazi aliyekuwa na kitalu cha nyanya kando ya kisima. Kitalu kizima kilikuwa kimeungua. Majani yamejikunja, meusi ncha zote.

"Umenyunyiza nini hapa, mzee?"

"Hapa sijanyunyiza kitu, madam. Dawa ya magugu nilipiga kule juu, kwenye njia. Hapa nimemwagilia tu."

"Kwa maji gani?"

Ndululu alionekana haelewi swali. "Ya kuoshea bomba la dawa. Nilisuuza bomba vizuri, mara tatu, kama ulivyotufundisha. Sasa hayo maji ya kusuuza ningeyapeleka wapi? Nikayachuja, nikayapa miche." Aliinua mikono yake mikavu. "Na si maji ni maji, madam?"

Kasyoka alifungua mdomo. Hotuba aliijua kwa moyo, alikuwa ameitoa kwenye mabaraza kuanzia Kibwezi hadi hapo: uchafu unaouona huchujwa, usiouona hauchujwi. Kijana wa ofisi aliyekuja naye alishika kalamu akisubiri. Hotuba haikutoka. Alisimama akitazama miche iliyoungua, na alichokiona ni leso yake mwenyewe juu ya ndoo, na maji yakishuka meupe meupe.

"Mzee," alisema mwishowe, "ng'oa hii. Tutakutafutia mbegu nyingine."

"Hunigombezi leo?"

"Leo sina mdomo wa kukugombeza."

Alirudi Kambu jua likiwa limeinama. Hakubadilisha nguo. Aliingia chumbani, akaketi kando ya kitanda, akasema na mgongo wa mumewe.

"Hivyo vidole vikikatwa vinatoa sumu. Ndiyo?"

Musembi alijibu bila kugeuka. "Ndiyo."

"Na mimi nimeichuja vizuri nikakirudishia kitu chako kiinywe."

"Ndiyo."

"Sawa. Nimesikia. Sasa amka, kwa sababu namwaga, na sitaki kuambiwa baadaye nimemwaga vibaya."

Aligeuka. Ilimchukua muda, na Kasyoka hakumsaidia, ila aliisogeza fimbo karibu.

Alimkalisha kwenye kiti. Akavuta mitungi yote kutoka chini ya kitanda, akaipanga ukutani. Ilikuwa akiba ya miezi, aliyoiweka kwa ajili ya siku mbaya kuliko zote, na kila mara siku ikiwa mbaya aliona huenda ikaja mbaya zaidi. Akafungua wa kwanza, akaunusa, akamnusisha Musembi. Musembi aliitikia kwa kichwa.

Kwanza alilitoa jiwe la tumbawe gumu, akaliweka kwenye sufuria ya maji mapya. Alilisuuza, maji ya kusuuzia akayatia kwenye ndoo ya kumwaga. Akalibadilishia tena. Kisha alinyoosha mkono kuelekea bomba la hewa lenye vidole vipya, na Musembi akagonga fimbo.

"Na lile," alisema.

Alikuwa anaonyesha jiwe la pili, la vidole vyenyewe.

Kasyoka alisita. Vilikuwa vimefunguka vyote, pale ndani ya ukungu, vikifumba na kufumbua. "Hilo nilitaka kukuachia."

"Najua."

"Naweza kuliweka mbali, kwenye ndoo yake."

"Toa," Musembi alisema. Kisha, baada ya kuhangaika na ulimi, akaongeza maneno mawili zaidi. "Linakula... lenzake."

Akalitoa. Nje ya maji vile vidole vilianguka papo hapo, vikawa kama kamasi juu ya jiwe. Alilibeba hadi uani akaliweka kwenye bati, mahali ambapo jua la kesho lingelikuta. Hakutazama nyuma, lakini alisikia pumzi nzito ya mumewe, aliyejikokota hadi mlangoni pa sebule, na alijua kwamba yeye anatazama.

Halafu akaanza kumwaga. Alichota maji ya tangi ndoo baada ya ndoo, akatoka nayo hadi ng'ambo ya ua, mbali na sukuma wiki, mbali na mpapai, mahali ambapo hapakuota kitu, akainamisha. Ndoo ya kwanza ilimuuma mkononi. Udongo mwekundu ulifanya sauti kama ya mtu anayevuta chai ya moto, ukayanywa. Akarudi. Ya pili. Ya tatu. Syokau, aliyekuwa bado kwenye kizingiti akiaga, alishika kiuno.

"Mama Nzilani. Kwani unamwaga maji?"

"Ni ya chumvi."

"Hata kama. Watoto wakuone?"

"Waache wanione."

"Mimi nimekuja hapa miaka yote hii," Syokau alisema, "ukininyima hata ya kuoshea miguu. Na sasa naona kwa macho yangu."

"Ukitaka, leta miguu."

Syokau alicheka kidogo, kisha akaona uso wa Kasyoka akaacha. Bila kuambiwa, alishika mpini wa ndoo upande wa pili, wakabeba wawili.

Walipomaliza, Kasyoka alisugua vioo na bomba hadi vikawa safi, akamwaga na maji ya kusugulia, akamimina mitungi yote. Hakukubakia hata mmoja chini ya kitanda. Tangi halikujaa, maji yalifika zaidi kidogo ya nusu. Lile jiwe moja lilikaa katikati, peke yake, juu ya changarawe tupu.

Ijumaa halikufunguka. Musembi alikaa kwenye kiti tangu asubuhi, akala alipolishwa. Jumamosi, jua lilipopenya dirishani, alisema, "Njoo." Kasyoka alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nusu ya tumbawe ilikuwa nyeupe, imekufa, hakuna la kufanya. Lakini upande uliotazama dirisha, eneo la ukubwa wa kiganja, vilikuwa vimetoka vinywele vidogo, vya kahawia, vinapepea.

Jabiri alifika Jumapili watu wakitoka kanisani. Aliinama mbele ya kioo, miwani kwenye paji la uso.

"Kiko hai," alisema. "Walinicheka bure."

Kasyoka alikuwa ameshaleta msumeno wa chuma. Alikuwa na mpango. "Tukate kile kilicho hai mara mbili. Kimoja kiende, kimoja kibaki."

"Yote," Musembi alisema.

"Kikibaki kidogo kitakua tena. Ulikianza kikiwa kidole gumba."

"Yote, Mama Nzilani." Alipumua. "Maji... utatoa wapi?"

Jabiri alitazama sakafu. Njia ya maji ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, na kila mmoja alijua, ila Musembi ndiye aliyelisema. Kasyoka alitaka kumwambia kwamba hajali bahari wala vijana wa kituo, kwamba anajali kiti hicho na hiyo safari ya kutoka kitandani. Badala yake alishika msumeno. Alikata, akaitenga sehemu iliyokufa, akakitia kilicho hai kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na maji ya tangi. Musembi alisimama kwa fimbo yake, akataka kuisindikiza ndoo hadi kwenye lori. Miguu ilifika mlangoni tu. Jabiri alimshika tena mkono ule uliolala, akauweka kidogo juu ya kifuniko cha ndoo, kisha akapanda lori, na Musembi akalisindikiza kwa macho hadi langoni.

Asubuhi iliyofuata Musembi aliutazama ukuta.

Kasyoka hakumwita. Aliingia sebuleni, akatazama maji yaliyobaki na jiwe jeupe lililobaki, akaanza kukunja magunia. Hakujua kama atauza tangi au atapandia miche. Mikono yake ilifanya kazi kwa sababu haikujua kitu kingine cha kufanya.

Kelele zilitoka nje, kwato na mlio, kengele moja ya shingoni. Alichungulia. Pale alipomwaga, udongo ulikuwa umekauka ukaacha utando mweupe wa chumvi, na mbuzi wote wa Syokau walikuwa wamevunja ua. Walikuwa wamepiga magoti ya mbele, wanalamba ardhi, wanasukumana kama watu kwenye foleni ya unga. Syokau mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao na kiboko asichokitumia.

"Nini hiyo?" Musembi aliuliza kutoka chumbani.

"Mbuzi," Kasyoka alisema. "Wanalamba bahari yako."

Kitanda kililia. Kisha akasikia ncha ya fimbo ikitafuta sakafu, ikigonga, ikikosea, ikigonga tena. Haikuelekea kwenye kiti. Ilipita sebuleni, polepole, ikaja hadi mlangoni aliposimama yeye, na Kasyoka akasogea upande mmoja kumpa nafasi.